Nilimuuliza Mbele ya Bibi Yake

Vijana, kila nikienda harusini au msibani hapa Toronto, kabla sijaonja hata pilau, mmoja wenu anavuta kiti, anakaa karibu yangu na kuniuliza: "Kocha Shabani, eti kweli umestaafu? Mbona hata mvi huna?" Mvi ninazo, nanyoa. Na ndiyo, nimestaafu. Nina miaka thelathini na saba. Baba yangu mdogo alistaafu reli kule Kilosa akiwa mtu mzima wa miaka sitini, wakampa saa ya ukutani na soda. Mimi nimestaafu ukocha na koti la timu lenye zipu mbovu. Hakuna aliyenifukuza. Mmesikia kwamba walitaka hata kunipandisha cheo, na hilo ni kweli.

Niliacha kwa sababu ya mguu wa kijana mmoja anaitwa Karim. Nitafika huko. Ila najua wanne kati yenu mnataka kuwa makocha, watano tukimhesabu yule anayetaka koti tu, kwa hiyo lazima kwanza mjue kazi yenyewe. Maana wengi mnadhani nilikuwa nafundisha mpira wa akina sisi.

Wapi! Nilifundisha huu mpira wa Kikanada, wa kofia ngumu na mabega ya plastiki. Mpira wenyewe umechongoka pande mbili kama papai. Kwenye timu yenye watu arobaini na kitu, kuna mmoja au wawili tu ambao kazi yao ni kupiga kwa mguu. Wenzake wanasukumana na kuvunjana mbavu, yeye amesimama pembeni na koti lake, msafi kama bwana harusi. Halafu anaitwa. Mwenzake anapiga goti na kumshikia mpira wima, yeye anapiga mara moja, papai lipite katikati ya milingoti miwili iliyokaa kama manati kubwa. Likipita, pointi tatu. Likikosa, wote arobaini wanageuka kumtazama. Mimi nilikuwa kocha wa hao wapigaji. Watu wawili, msimu mwingine mmoja. Hata kwaya ya watoto ina watu wengi kuliko timu yangu.

Shule nilisoma hadi darasa la saba. Nilipofika kwa dada yangu Parkdale nilikuwa na miaka kumi na saba, na Kiingereza cha kuombea maji tu. Dada akanitafutia kazi Malton, kwenye ghala la mizigo ya ndege, shifti ya alfajiri. Ukitoka hapo saa nane mchana mabega yanakuwa kama ya mtu mwingine. Baadaye akaniandikisha chuoni, madarasa ya watu wazima, nisome Kiingereza na hesabu halafu nihamie kozi ya uchomeleaji. Ukishaandikishwa tu unaruhusiwa kuchezea chuo. Nikaenda kufanya majaribio ya mpira wetu wa kawaida. Nikakimbia dakika ishirini vizuri kabisa, watu wakaanza kuuliza huyu ni nani. Ya ishirini na moja nikakaa chini katikati ya uwanja. Sikuumia popote. Ulikuwa usingizi.

Kocha wao akanijia, akanitazama kama mtu anayetazama gari lililozima barabarani. "Mguu unao," akasema, "ila mapafu umeyaacha kazini. Nenda uwanja wa pili. Wale wanatafuta mtu wa kupiga mara moja na kwenda kukaa."

Hivyo ndivyo nilivyoingia. Timu yenyewe ilikuwa changa, msimu wa pili tu, jezi zilikuwa za kuazima na chumba cha kubadilishia kilikuwa darasa la useremala. Ukivua soksi unakanyaga maranda ya mbao.

Siku ya kwanza nikalipiga lile papai kwa ncha ya kidole, kama tulivyozoea kupiga chandimu za mtaani Kilosa. Likaenda kulia, nikaruka kwa mguu mmoja nikitukana kwa Kiswahili, kwa uhuru wote, maana nani angeelewa. Nyuma yangu nikasikia sauti: "Kijana, tusi hilo hata Mombasa siku hizi hatulitumii."

Alikuwa mzee mfupi amebeba ndoo ya mipira. Mzee Menezes, Mgoa wa Mombasa, alifanya kazi ya ofisini kwenye shirika la ndege miaka mingi, akastaafu, mkewe akamwambia akitaka ndoa idumu atafute pa kwenda mchana. Akawa anajitolea stoo ya timu yetu. Huyo ndiye aliyenifundisha kazi. Kocha mkuu, Walter, alikuwa Mkanada mrefu na mtu mwema, ila kwa habari za kupiga alikuwa anajua neno moja tu: "Piga."

"Skiza hapa, Shabani," Mzee Menezes aliniambia wiki ile ya kwanza. "Mguu wako wa kulia ni mfanyakazi. Bosi ni huu wa kushoto, huu unaosimamia. Bosi akichelewa kufika kazini, mfanyakazi atafanya nini?"

"Atafanya kazi mwenyewe."

"Atafanya upuuzi mwenyewe."

Hilo mliandike. Watu wote wanamtazama mpigaji mguu unaopiga. Kocha anatazama ule mwingine. Ukiona mguu wa kusimamia unatua nyuma ya mpira badala ya ubavuni, hata kwa upana wa kiganja, kuna kitu. Ama anaogopa, ama amechoka, ama anaumwa na hasemi.

Alinifundisha pia kupaka chaki kwenye kiatu ili nione nimegusa mpira wapi. Na kwamba mpira mpya una mafuta, unausugua kwa taulo bichi hadi ushike. Na kwamba Novemba mpira unakuwa jiwe, kwa hiyo usiupige kama mpira, upige kama mlango unaotaka ufunguke. Sijui maana yake mpaka leo, lakini ukifikiria mlango unapiga vizuri. Upepo aliniambia nisiutafute kwenye majani wala kwenye bendera kubwa ya chuo, hiyo iko juu mno na ina mambo yake. Nitazame vitambaa vidogo vilivyofungwa kwenye ncha za milingoti. Upepo wa ziwa hapa Toronto ni mnafiki. Chini umetulia, kule juu unakungojea na rungu.

Kuna jambo moja kwenye mpira huu wa Kikanada nalipenda hadi leo. Ukipiga ukakosa milingoti, lakini mpira ukaingia eneo lao la nyuma na wakashindwa kuutoa, unapewa pointi moja. Umekosa, unapewa pointi! Nilipoelezwa nilicheka mpaka Mzee Menezes akadhani nimepaliwa. Nikamwambia, Mkanada mpole jamani, hata ukikosea anakupa ya nauli. Kumbukeni hiyo pointi ya nauli, maana siku moja ilinichoma.

Sasa niwaambie kosa langu kubwa nikiwa mchezaji, ambalo nadhani ni sisi tu tunaweza kulifanya.

Kuna desturi ya kazi. Kabla ya mechi, mpigaji anapiga kuelekea kila upande, anasogea nyuma kidogo kidogo, hadi anapofika mahali anajua hapa ndiyo mwisho wangu leo. Halafu anakwenda kwa kocha anampa mstari wake: "Leo upande wa ziwa yadi thelathini na tatu, upande wa barabara arobaini." Basi. Kocha anaamini, na mechi nzima anafanya hesabu zake kwa mstari huo. Haubishaniwi. Ni kama fundi akikwambia ngazi inabeba mtu mmoja.

Mechi yangu ya nne, mvua ilikuwa imenyesha. Nilipiga, nikajua kabisa mwisho wangu ni thelathini. Kocha Walter akanijia, mtu mzima yule, umri wa baba yangu, akaniwekea mkono begani: "Arobaini unaweza?"

Mimi ningesema nini? Mkubwa ananiuliza. "Naweza, kocha."

Nikapigishwa ya arobaini. Mpira ukafa njiani kama kuku wa kideri. Tukafungwa.

Stooni Mzee Menezes alikuwa anafuta mipira, hanitazami. "Ulijua?"

"Nilijua, Mzee."

"Sasa mbona ulimjibu vile?"

"Mzee, aliniuliza kwa heshima. Ningemwambia siwezi?"

Akaweka taulo chini. "Wewe umemjibu kama amekuamkia. Kwetu mtu akikuuliza hujambo, unasema sijambo hata kama una homa na nyumba inaungua. Hiyo ni adabu, mama yako alikufunza vizuri. Lakini yule hakukusalimu, bwana! Yule aliuliza. Adabu yako imetufungisha mechi."

Nililia kidogo. Halafu nikaenda kwa Walter na Kiingereza changu cha kuombea maji, nikamwambia ukweli. Akanitazama, akasema kuanzia siku hiyo hataniuliza kama naweza. Ataniuliza mwisho wangu ni wapi. Na kweli, akawa anauliza hivyo. Nikacheza misimu mitatu, na sikumdanganya tena hata yadi moja.

Chuo nilimaliza, kuchomelea nikajua, na nilichomelea kweli miaka miwili. Halafu Walter akanipigia simu: wapigaji wake wamekuwa kama wana pepo, nije jioni mbili kwa wiki. Jioni mbili zikawa nne, nne zikawa miaka kumi na mbili.

Mambo yakabadilika, siwezi kusema yameharibika. Sisi tulikuwa na chaki, vijana wangu wakaja na simu za kupiga video polepole, unaona hadi kamba ya kiatu inavyotetemeka. Mmoja alikuja na kidude cha kubandika mguuni kinachohesabu mwendo. Nikamuuliza, kinasema nini? Akasema kinasema nimepiga kwa nguvu. Nikamwambia hata huyo bata aliyeruka pale amekuona. Lakini video ilinisaidia sana, maana kijana ukimwambia mguu wako wa kushoto umechelewa anabisha, ukimwonyesha ananyamaza. Mzee Menezes alikuwa ameshakuwa mzee wa kukaa nyumbani. Nilikuwa nampelekea hizo video, anaweka miwani, anasema, "Aa, huyu bosi wake analala kazini." Alikufa akiwa na maneno hayohayo, Mungu amrehemu. Makosa yalikuwa yaleyale ya siku za chaki.

Karim alikuja akiwa na miaka kumi na tisa. Mtoto wa Unionville, kule nje ya mji, Ismailia, babu zake walikuwa na duka Mwanza. Mwembamba, miguu mirefu, mpole hadi unataka kumtikisa uone kama yumo ndani. Kiswahili alikuwa anakisikia chote, lakini ukimsemesha anajibu Kiingereza, kama nyinyi mnavyotufanyia. Ila alikuwa anapiga, jamani. Mpira ukitoka mguuni mwake ulikuwa na sauti yake, kama mtu amefunga kitabu kikubwa. Sijapata mwingine.

Bibi yake alikuwa anaitwa Bi Gulshan, yeye Karim alimwita Dadima. Alikuja kila mechi ya nyumbani na blanketi, chupa ya chai na kachori kwenye bati. Siku ya kwanza alisikia jina langu likitangazwa, akapiga kelele kutoka jukwaani: "Shabani! Wa wapi wewe?"

"Kilosa, mama!"

"Kilosa! Basi njoo ule, umekonda!"

Akawa mama yangu wa uwanjani. Alikuwa ananiambia, "Huyu mtoto mfundishe kupiga, na mfundishe Kiswahili vilevile. Mimi nikifa atazungumza na kaburi kwa Kiingereza?" Karim anaona aibu, anaangalia viatu. Nikimwambia, "Msalimie bibi yako," anasema "Hi, Dadima," na bibi anamrushia kitambaa.

Mwaka wake wa tatu mambo yakaiva. Timu moja ya kulipwa ilituma mtu kumwangalia, akasema masika wangemwita kwa majaribio. Mnajua maana yake hiyo? Mshahara wa kupiga papai. Karim hakulala wiki nzima. Kwa hiyo eleweni, msimu ule mguu wa Karim haukuwa mguu tu.

Wiki ya nusu fainali, Jumanne, mazoezini, nikaona. Mguu wa kushoto ulitua nyuma. Kiganja kimoja. Nikajiambia ni baridi. Akapiga tena, ukatua nyuma tena. Nikajiambia ni viatu vipya. Havikuwa vipya, nilikuwa najua vizuri tu, nilikuwa nimemshauri mimi mwenyewe asivibadilishe. Alhamisi alisema ana kazi ya darasani, hakuja. Nikashukuru. Hilo ndilo la kuniaibisha kuliko yote: nilishukuru, kwa sababu sikutaka kuona.

Jumamosi uwanja ulijaa. Bi Gulshan alileta ukoo, na majirani, na akina mama aliosali nao, wapatao ishirini, wote na mablanketi. Karim alikuwa anapiga za kupima, mimi namtazama. Kulikuwa na kitu. Nikasogea hadi kwenye uzio, ambapo bibi yake alikuwa amesimama na wenzake, Karim naye akaja kuchukua maji. Sasa ndipo iliponipasa kumshika mkono, kumpeleka pembeni na kumuuliza mwisho wake ni wapi. Mimi, mwanafunzi wa Mzee Menezes, nikasema kwa sauti ya utani, watu wote wakisikia:

"Karim! Mguu haujambo?"

Karim akamtazama bibi yake. Halafu, kwa mara ya kwanza tangu nimjue, akanijibu kwa Kiswahili, tena kwa tabasamu: "Haujambo, kocha."

Weee! Uzio mzima ulilipuka. Bi Gulshan akapiga vigelegele, akamshika mwenzake: "Umemsikia? Umesikia mtoto?" Mimi mwenyewe nilijaa furaha kama baba. Nikampiga mgongoni, nikaenda moja kwa moja kwa Walter nikampa mstari: "Arobaini na mbili, pande zote mbili." Ni mstari wake wa kila siku. Sikumuuliza. Nilimwamkia, akaitikia, nikachukua maitikio yake nikayafanya kipimo.

Mwisho wa mechi tulikuwa sare. Tukafika umbali wa yadi arobaini na mbili kamili. Walter hata hakunitazama mara mbili. Alikuwa na mstari.

Karim akaingia. Hatua tatu nyuma, mbili kushoto. Akaja. Mguu wa kushoto ukatua, na nikaona goti linakwenda upande ambao goti haliendi. Mguu wa kulia ukamalizia kazi peke yake. Mpira ukatoka umeinama, ukapita nje ya milingoti, ukadundadunda kwenye eneo lao la nyuma, mtu wao akautupia mikono akaukosa, ukatoka nje.

Pointi moja. Ile ya nauli. Tumeshinda.

Watu arobaini waliruka uwanjani. Mtu akanibeba. Nawaambia nilibebwa juu, na kutoka huko juu nilikuwa namwona Karim amelala chali, ameshika goti, wenzake wanamrukia kwa furaha wakidhani amejilaza kusherehekea. Nilipiga kelele waniteremshe. Walidhani nami nashangilia.

Mishipa ya goti ilikatika. Daktari aliwaeleza kwamba ilikuwa imeshachanika kabla, siku chache, na ule mpigo ukamalizia. Wakamfanyia upasuaji. Na Jumatatu yake mkuu wa michezo wa chuo akaniita ofisini, akanipa mkono, akasema msimu ujao wanataka niwe msaidizi mkuu wa Walter. Nikamwambia, kijana aliumia kwa sababu nilitoa mstari wa uongo. Akasema, "Shabani, hukuwa na njia ya kujua." Nikamwambia nilijua tangu Jumanne. Akasema nikapumzike.

Nilikwenda Unionville baada ya wiki tatu. Nilikuwa nimeandaa maneno kwenye basi. Bi Gulshan akafungua mlango, akanikalisha jikoni, akamimina chai. Hakuniambia nimekonda.

"Mama, nimekuja kuomba radhi," nikaanza. "Niliona mguu wake Jumanne. Nikanyamaza."

Akakoroga chai yake. "Mimi niliona Jumatano," akasema. "Alikuwa anapanda ngazi hizi kwa kukaa. Kama mtoto mchanga. Makalio, mkono, makalio, mkono. Alidhani nimelala. Nikanyamaza na mimi. Nilikuwa nimeshawaalika watu, Shabani."

Karim alikuwa sebuleni, mlango uko wazi, amesikia yote. Akasema kwa Kiingereza, bila kupandisha sauti, kwamba ningemuuliza nikiwa peke yangu angeniambia. "Uliniuliza mbele ya Dadima," alisema. "Ulitaka nikujibu nini?"

Nilivaa koti, nikaenda kupanda basi.

Basi mnadhani niliacha hapo. Hapana. Hapo nilikuwa bado nataka kumrekebisha. Kila wiki nilikwenda Unionville, tukafanya mazoezi ya goti kwenye zulia, akaanza kunichekea tena. Alikuwa anajitahidi kama mwendawazimu, maana ile timu ilikuwa bado inamngoja masika. Machi akaanza kupiga mipira midogo. Kwa macho ya watu, amepona. Mimi nilikuwa natazama kushoto. Kiganja kimoja nyuma. Akaniomba: "Kocha, yule mtu atakupigia. Mwambie niko tayari. Mwambie tu."

"Mwisho wako ni wapi, Karim?"

Akaniangalia machoni. "Mwambie niko tayari."

Yule mtu alipiga simu nikiwa Malton, nimemsindikiza dada yangu. Ndege zinapita juu, nasikia nusu nusu. Akauliza moja kwa moja: goti lile linaweza? Mgeni, sauti nzito, mtu wa timu kubwa, na mimi darasa la saba wa Kilosa nimeshika kazi ya mtoto wa watu mkononi kama yai. Kusema "linaweza" kulikuwa rahisi kama kuitikia salamu. Nilimwambia hapana. Nikamwambia likipigishwa kwa nguvu sasa hivi litakatika tena, na safari hii atachechemea hadi uzeeni. Nikamwomba wamngoje mwaka. Akanishukuru kwa ukweli wangu, na hawakungoja. Walichukua mwingine.

Nilimwambia Karim mwenyewe, siku hiyohiyo, uso kwa uso, peke yetu. Alinisikiliza hadi mwisho. Halafu akasema niondoke, na hilo alilisema kwa Kiswahili kizuri kabisa.

Nilimaliza msimu uliofuata, nikamfundisha Walter kutazama mguu wa kusimamia, nikarudisha funguo. Sikuacha kwa hasira wala kwa kujiadhibu. Niliacha kwa sababu niligundua kila mpigaji aliyenijia baada ya hapo nilikuwa namkataza. Kiganja kidogo tu, kaa chini. Akikohoa, kaa chini. Kocha mwoga anaharibu vijana kama kocha mwongo, ila polepole zaidi. Nyinyi mnaotaka kazi hii mna macho mapya. Yatumieni, na mkiona kitu Jumanne, ulizeni Jumanne. Muulizeni akiwa peke yake, bila wenzake na bila mama yake. Na swali liwe la kupima. Ukimwuliza kama anaweza, atakwambia anaweza.

Karim hajanisamehe. Bi Gulshan ananitumia kachori kupitia watu, ila jina la mjukuu wake halitaji. Nasikia kijana anasomea uhasibu, na Jumapili anacheza mpira wetu wa kawaida na rafiki zake, beki.

Wiki mbili zilizopita nilikuwa kituo kikubwa cha mabasi, nangoja langu la kurudi nyumbani. Nikamwona Karim anatoka kwenye ngazi, begi mgongoni, basi lake limeshafunga mlango linaanza kusogea. Akalikimbilia. Sakafu ilikuwa na maji. Alikimbia ule mwendo wa mtu ambaye hafikirii miguu, kushoto, kulia, kushoto, na wa kushoto ulikuwa unatua pale pale unapotakiwa, hauchelewi hata unywele. Akagonga mlango, dereva akafungua, akapanda. Hakuniona.

Nilipogeuka, basi langu lilikuwa limeshaondoka.